Pumzi Moja

Waliponigongea mlango usiku wa manane
nilivaa viatu vyangu vya mazishi.
Askari wa Malkia Bozhimira hawaji kukujulia hali,
nami nilikuwa na deni la kodi la miaka miwili,
na kaka yangu Prokop alikuwa ngomeni
kwa gunia moja la chumvi asilolilipia ushuru.
Nikamwambia mke wangu: gundi iko jikoni, usiiache igande.
Maneno ya kijinga. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Zhelechna nzima inamjua Bozhimira.
Alipiga marufuku ngoma za mavuno na kengele za harusi,
akasema kelele ni mlango wa uvivu.
Mpiga filimbi wa sokoni alilala korokoroni siku arobaini.
Mwanawe mwenyewe alimnyima maziko ya heshima
kwa kuwa alikimbia vita.
Amri yake ikishatoka haina marejeo.

Hawakunipeleka ngomeni.
Walinishusha ngazi za ghala la shayiri,
chini, kwenye panya na baridi ya kukata mifupa,
na pale, juu ya kigoda cha kukamulia ng'ombe,
alikaa yeye, bila taji, soksi za sufu miguuni,
fidla kubwa katikati ya magoti,
uzi mmoja umekatika, umejikunja kama mkia wa nguruwe.

"Wewe ndiye fundi?"
Nikasema ndiye. Sauti haikuwa yangu.
"Tengeneza."

Nilitetemeka hata nikaufunga uzi mara tatu.
Kisha akapiga.
Niseme kweli, kwa kuwa sasa hayupo wa kunisikia:
hakuwa stadi. Upinde uliparuza,
kidole cha nne kilikuwa kivivu.
Lakini alifumba macho kama mtoto anayekunywa uji,
mdomo umemlegea,
na nikaona, Mungu nisamehe, nikaona shingo yake
ilivyo nyembamba.

"Vipi?"
Nimsifu? Wa mwisho aliyemsifu bure aliliwa na kunguru.
Nimwambie kweli? Hakuna aliyewahi.
Ulimi hauna mfupa, ukateleza wenyewe:
"Noti ya tatu, Mtukufu, unaikimbia.
Ukifika pale, ngoja. Pumzi moja. Ndipo ushuke."

Hata panya walitulia.
Akapiga tena. Akafika. Akangoja.
Akashuka.
Chozi? La. Sitamzulia chozi.
Alisema tu, "Ahaa," polepole,
kama mtu aliyeukuta ufunguo mfukoni mwake mwenyewe.

Nilikwenda usiku kumi na moja.
Usiku wa saba nilimtaja Prokop.
Akapaka ulimbo kwenye upinde, akapaka, akapaka,
akasema, "Hapa tunapiga."

Nilidhani muziki humlainisha mtu
kama mvuke ulainishavyo mbao.
Ndivyo alivyonifunza baba, naye alifunzwa na babake.
Mbao, naam.

Jumanne asubuhi, theluji nyembamba, uwanja umefurika.
Prokop jukwaani, hana kofia, masikio mekundu.
Malkia roshanini, glavu nyeusi, mkono juu.
Mkono wa Bozhimira hushuka upesi, kila mtu anajua;
wanyongaji wake hujisifu kwamba kazini hawapigwi na baridi.

Siku ile haukushuka.
Ulikaa hewani.
Watu wakaangaliana. Mwanamke mmoja akaanza kutabasamu.
Nikakiona kidole cha nne ndani ya glavu
kikigusa uzi usiokuwepo,

kisha ukashuka.

Kaka yangu aliishi pumzi moja zaidi.
Ile nilimpa mimi.

Usiku walinigongea tena.
Uzi wa pili umekatika, walisema mlangoni.
Nilikaa gizani, gundi ikinigandia vidoleni,
nikihesabu.